Meza Ni ya Chumba cha Mashine

Hilo? Ndiyo, ni jiwe la kaburi, umeona sawasawa. Lisogeze tu taratibu, mita yako ya maji iko nyuma yake. Usiogope, halina mtu chini. Mwenzako aliyekuwa akija kusoma mita kabla yako alilitazama miezi minne ndipo akathubutu kuuliza, wewe umeuliza hata maji ya kunywa hujaletewa. Nimekupenda bure. Vuta kigoda, siyo hicho, hicho mguu wake mmoja ni wa mapambo tu.

Jina lililochongwa hapo ni la kijana wangu. Alikuwa fundi wa majokofu, na huyo binti aliyekufungulia mlango ni mwanawe. Sasa unataka kujua kwa nini jiwe limeegemea ukuta wa jiko badala ya kusimama kichwani pake. Ni kwa sababu ya kompyuta. Cheka, hata mimi ningecheka. Mtu wa darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilivushwa kwa huruma, anakuambia habari za kompyuta.

Mimi kazi yangu ilikuwa makaburini. Makaburi ya mji, miaka thelathini na moja. Nilianza kwa kuchimba nikamalizia kwa kuandika. Watu wakaniita Beleshi, jina likaniganda hata nilipoacha kulishika beleshi lenyewe, na mke wangu akawa Mama Beleshi. Hakulipenda, ila alilizoea, kama alivyonizoea mimi.

Pale getini tulikuwa na ofisi ya chumba kimoja. Bati juu, nondo dirishani, meza moja, na juu ya meza trei ya mbao. Nisikilize vizuri habari ya trei, maana ndiyo iliyoniponza. Mtu akizikwa, nyapara wa wachimbaji anaandika karatasi: jina, safu, namba. Karatasi inawekwa kwenye trei. Jioni, au kesho, au kazi ikizidi keshokutwa, tunaiandika kwenye daftari kubwa. Kwa hiyo karatasi iliyo kwenye trei ni kama abiria aliyekwisha kata tiketi. Hajafika, lakini hapotei. Na kweli, miaka yote hiyo hakuna karatasi iliyowahi kupotea kwenye trei. Hata upepo uliiheshimu.

Daftari lenyewe ndilo lililokwisha. Mchwa waliingia kabatini wakaanza na waliozikwa zamani, wakaja mbele ukurasa kwa ukurasa, utadhani wanasoma. Na vile vibao vya bati vyenye namba tulivyochomeka kwenye makaburi, wezi wa vyuma chakavu walikuwa wanaving'oa kama mtu anavyochuma mboga. Ndipo mji ukatuletea kompyuta. Ilikuwa imestaafu ofisi nyingine, wakaituma kwetu ije kufia mahali panapofaa.

Pamoja nayo wakaleta karani, binti mmoja mwembamba, mpole, mwenye mpango wake kwa kila kitu. Alinakili yote yaliyosalia kwenye daftari, akamaliza. Siku moja akaniita, mzee njoo uone, nimejenga ukuta. Nikachungulia, ukuta sikuuona. Akanieleza. Mle ndani, alisema, kuna diski, na hiyo diski ilikuwa kama nyumba ya chumba kimoja, mashine na vitu vyetu vyote vinalala kitanda kimoja. Sasa ameikata mara mbili. Chumba cha kwanza ni cha mashine, akili yake na programu zake. Chumba cha pili ni cha watu wetu, akakipa jina, Waliolala. Mashine ikiugua, na itaugua tu kwa umri wake ule, fundi atabomoa chumba cha kwanza, atafagia, atajenga upya. Cha pili hakiguswi.

Nilielewa upesi kuliko alivyotegemea. Geti letu lilikuwa limeanguka mara mbili kwa mvua, ofisi iliwahi kuezuliwa bati zima, na hakuna hata mmoja aliyelala mle aliyehama kwa ajili hiyo. Nikamwambia, kumbe umetujengea makaburi ndani ya makaburi. Alicheka mpaka akashika tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa limekaribia, maana mwezi uliofuata alikwenda kujifungua na hakurudi tena, alihamishiwa kwingine.

Aliniachia mafunzo. Naandika kwa kidole kimoja, hiki. Kufungua chumba cha pili, halafu folda ya Waliolala, halafu mwaka, halafu safu, ilikuwa safari. Nilikuwa nafika nimechoka. Lakini nilifika.

Halafu ikaja ile homa.

Wewe ulikuwa mtoto wakati ule, labda unakumbuka kufungiwa ndani tu. Sisi tulikuwa tumezoea maziko mawili, matatu kwa siku, tukafika kumi. Kijana wangu aliitwa kwenda kutengeneza jokofu la dawa la wadi ya wagonjwa. Alikwenda asubuhi na begi lake la spana, akarudi salama, tukala naye. Siku ya tatu akashikwa. Siku ya tisa akafa. Na amri ilikuwa moja kwa wote, ndugu haruhusiwi kuzika. Waliovaa yale magauni ya plastiki ndio waliozika. Sisi wa nyumba hii tukafungiwa siku kumi na nne. Fikiria, nimezika nusu ya mji huu kwa mikono yangu, wangu akazikwa nami nimekaa kwenye kochi nasikiliza redio ikihesabu.

Siku ya kumi na tano nikarudi kazini. Trei imejaa mpaka karatasi zimemwagika sakafuni. Sitini na tatu. Na nyapara aliyeziandika, rafiki yangu wa miaka ishirini, karatasi yake mwenyewe ilikuwa ya juu kabisa, kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Amri nyingine ilikuwa kwamba karatasi zote zilizopita mikononi mwa watu msimu ule zikishaandikwa zichomwe siku hiyohiyo. Basi nikaandika. Lakini sikwenda chumba cha pili, mwanangu. Nilichoka, nilikuwa na msiba, na kidole ni kimoja. Karani alikuwa ameniambia kwamba ule uso unaouona kompyuta ikishawaka tunauita meza. Mimi nikajisemea, kama ni meza, basi hapa ndipo pa trei. Nitawaweka hapa wote sitini na tatu, nawaona, hawapotei, na Ijumaa nikitulia nitawahamishia chumbani kwao mara moja. Nilidhani ile meza ni kama ukumbi, iko katikati, si ya chumba hiki wala kile. Nani angeniambia vinginevyo? Sikuuliza.

Karatasi ya kijana wangu ilikuwa karibu na katikati. Niliandika jina lake herufi moja moja. Ukiniuliza leo, nakumbuka kila herufi niliposimama. Safu nikaandika, namba nikaandika, na hapo ukiniuliza ni giza. Nadhani sikutaka kuiona. Nilikuwa nimejiwekea ahadi kwamba Ijumaa, nikimhamisha, ndipo nitaisoma ile namba, niende taratibu nikasimame naye. Nikaogopa kwenda kabla. Mzika watu mzima, nikaogopa.

Jioni nikazichoma zote kwenye nusu pipa nyuma ya ofisi.

Alhamisi asubuhi kompyuta ikakataa. Inawaka, inazima, inawaka, inazima, kama mtu anayetafuta usingizi. Mji ukatuma fundi, kijana mstaarabu, begi mgongoni. Akaitazama, akasema chumba cha mashine kimeoza, itabidi afute apige upya. Akaniuliza, mzee, kazi zenu ziko wapi?

Hapa nataka uelewe. Nilikuwa nimevimba kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mtu wa elimu ananiuliza jambo la kitaalamu na mimi ninalo jibu. Nikamjibu kwa kujiamini, bila wasiwasi, vyetu vyote viko chumba cha pili, karani alitugawia. Akafurahi, akasema laiti ofisi zote zingekuwa hivi. Akaniuliza tena, una hakika mzee, hakuna kitu upande huu? Nikamjibu kama profesa. Nikamwambia, kijana, futa.

Akafuta. Mimi mwenyewe nilimshikia taa, maana soketi iko chini ya meza.

Ijumaa nikanawa mikono, nikakaa, nikaiwasha. Ikawaka vizuri, inang'aa. Chumba cha pili, Waliolala wote wapo, mpaka waliookolewa kwa mchwa. Kwenye meza hakuna kitu. Picha ya maua tu, nzuri, maua ya manjano.

Fundi alirudi, nikamwambia. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alikaa na ile mashine siku mbili mfululizo, akaja kunieleza akitazama viatu vyake kwamba meza ni ya chumba cha mashine, tangu mwanzo ilikuwa ya chumba cha mashine, na alichokiweka juu yake kimelalia palepale ilipokuwa orodha yangu. Aliokota vipande. Majina manne, yamekatikakatika katikati ya alama zisizosomeka. La kijana wangu halikuwamo.

Basi kuna safu nne pale, ya kumi na nne mpaka kumi na saba, matuta sitini na tatu yanafanana kama mikate ya tanuru moja, hakuna kibao, na mvua zinakuja.

Watu walipofunguliwa majumbani wakaanza kufika getini. Niliwaambia ukweli. Nakuapia, wote. Niliwaambia kumbukumbu zimepotea, na aliyezipoteza ni mimi, wenu wamo humu katika safu hizi nne na zaidi ya hapo sijui. Mwanamume mmoja alinitemea mate. Mama mmoja, mshonaji wa mtaa wa pili, alikwenda akakaa mwisho wa safu na akawa anakuja kukaa hapo kila Jumamosi. Nilivumilia, kwa sababu ule ulikuwa ukweli wa ofisi na mimi nilikuwa mtu wa ofisi.

Kisha akaja mke wangu.

Alikuja na kanga mbili, moja kavaa, moja kajifunika, na ndoo ya maji. Hakuniuliza kama najua. Angeniuliza, mume wangu, unajua alipo? labda ningepata mahali pa kusemea hapana. Aliniambia tu, twende unionyeshe. Alikuwa mke wa Beleshi. Mwanamke gani mwingine mjini alikuwa na hakika kama yake? Nikatembea mbele. Miguu ikanipeleka safu ya kumi na tano, tuta la nane, sijui kwa nini la nane, na nikasimama. Nikasema, ni hapa.

Akapiga magoti akalimwagia maji.

Miaka tisa, mwanangu. Alilifagia, akalipandia majani, akalizungushia mawe madogo aliyoyapaka chokaa. Alikuwa akikutana na yule mshonaji pale, anamfariji. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, pole mwenzangu, mimi angalau wangu najua alipo. Na yule mama akamjibu kwamba una bahati. Ningeweza kusema siku ile. Nilikuwa nimesimama na reki hatua kumi kutoka kwao. Nilipitisha reki palepale mpaka pakawa peupe.

Nilistaafu. Nikadhani nitakufa nalo. Halafu mwaka juzi akaanza habari za jiwe. Anataka jiwe la kweli, la kuchongwa, kabla macho yake hayajaisha. Nikaleta visababu. Ardhi haijatulia. Mji utahamisha makaburi. Fundi wa mawe ni mlevi. Alisikiliza vyote, kisha akaenda mwenyewe kwa fundi wa mawe, ambaye pombe hata harufu haijui. Jiwe likaletwa asubuhi moja kwa mkokoteni. Fundi akasema atarudi mchana, ale nasi, kisha twende wote akalisimike kwa saruji. Yeye alitaka kitu kimoja tu kwangu, safu na namba.

Asubuhi hiyohiyo mjukuu wangu alikuwa amefika kutoka chuoni. Kwa utani wetu wa babu na wajukuu bibi yake humwita mke mwenzangu, na humpokea kwa kumsema amekonda. Alikuja na kompyuta yake ya kupakata. Alikuwa anaandika kazi yake ya mwisho ya chuo, mwaka mzima wa kuzungukia watu na maswali, na ndani yake ameweka na barua za baba yake alizozipiga picha zote. Akakaa hapo ulipokaa wewe, mimi hapa. Akalalamika kwamba mashine imekuwa nzito, inagandaganda, Jumatatu anaipeleka kwa fundi ifutwe ipigwe upya.

Nikamuuliza, vitu vyako viko chumba gani?

Akanitazama kama kuku ndiye aliyezungumza. Akacheka, babu na kompyuta wapi na wapi. Nikamwambia nionyeshe. Akaifungua. Meza yote imejaa, mwanangu, picha ndogondogo mpaka pembeni, hata sura ya nyuma huioni. Kazi yake, barua, yote juu ya meza. Nikamuuliza kama kuna ukuta. Akasema hakuna ukuta, babu, ni diski moja tu, lakini fundi ni mzoefu, nitamwambia asifute vitu vyangu. Nikamwambia fundi hafuti kwa ubaya. Anafuta kwa sababu umemwambia. Nikamwambia meza ni ya chumba cha mashine.

Akaacha kucheka. Akauliza, babu, haya umeyajulia wapi?

Hapo ningeweza kumjibu jibu dogo. Niliwahi kusikia, karani aliniambia, yakaisha. Lakini mtoto hufahamu ukimpa jibu dogo, anaitikia na kufanya vilevile, na barua za baba yake zilikuwa juu ya ile meza. Nikaanza kumsimulia. Trei, homa, kidole, pipa. Nikafika kwa fundi na taa. Pale mlangoni pa jiko tuna pazia, lile la maua, linaishia juu kidogo ya sakafu. Nikaona miguu ya bibi yake nyuma ya pazia. Miguu miwili, kandambili za bluu, imesimama kimya. Kijiko kilikuwa kimeacha kugonga sufuria.

Mjukuu akaniuliza, sasa baba je, si mlijua alipo?

Niliitazama ile miguu, na nikasema, hapana. Tuta la nane nililichagua tu. Sijui baba yako alipo. Sijawahi kujua.

Mjukuu aliigeukia miguu ile ile, akaiona, akaufunga mdomo kwa mkono. Kisha bibi akatoka. Hakulia. Alikwenda mpaka kwenye jiwe, akapitisha kidole katika jina, herufi moja moja, kama nilivyoliandika mimi. Akaniambia, bila kugeuka:

"Wenzangu walilia miaka tisa iliyopita, wakamaliza. Mimi umenitunzia kilio changu mpaka leo, na macho yenyewe hayaoni."

Nikasema nisamehe. Akaniambia nisimharakishe.

Halafu akasema jambo moja tu, kwamba kuna mtoto wa mtu katika tuta la nane, na huenda mama yake ni yule mshonaji, aliyekaa mwisho wa safu miaka tisa akimwonea wivu yeye aliyekuwa akimfagilia mwanawe. Akarudi jikoni. Tukasikia anakwangua sufuria, anakwangua mahali pasipo na ukoko.

Mjukuu alichukua kompyuta yake, akatafuta flashi begini, akaanza kuhamisha vitu vyake, kimoja kimoja, machozi yanamdondokea kwenye vitufe na anayafuta kwa kanga. Barua za baba yake ndizo alizoanza nazo. Baadaye aliipeleka ikakatwa vyumba viwili, ndivyo ilivyo mpaka leo.

Saa saba fundi wa mawe akabisha hodi, ameshika karai na mwiko, suruali safi kwa heshima ya siku. Akauliza kama namba ipo tayari. Mke wangu akatoka, akamwambia jiwe halitasimikwa leo, pengine halitasimikwa, liegemee palepale kwenye mita, na yeye asiondoke, chakula kimeiva. Yule bwana akatazama nyuso zetu, akaweka karai chini polepole kana kwamba lina mayai.

Mke wangu akaleta mkeka. Akaleta sinia la wali, akaleta mboga, akaleta maji ya kunawa. Akaweka sahani nne. Nilizihesabu; sikuwa na hakika kama ya nne ni yangu. Na hakuna aliyekaa. Fundi amesimama na kofia mkononi, mjukuu amesimama ukutani, mimi nimesimama katikati ya ua huu kama mwanafunzi aliyepewa adhabu, na wali unatoa moshi. Kila mmoja anamngoja yeye. Akatutazama mmoja mmoja, mimi wa mwisho.

"Kaeni," akasema. "Ndiyo matanga yenyewe haya."

Akakaa yeye kwanza, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika nyumba hii. Fundi akakaa. Mjukuu akakaa. Magoti yangu ni mabovu, huchukua muda kufika chini, na hakuna aliyenishika mkono. Nikafika. Akasogeza sahani ya nne mbele yangu, akapakua, tukaanza kula.